Naomba ushauri: sarafu ya tembo ya Tabora, nani anaweza kuikagua kwa bei nafuu?

Habari zenu wakuu. Kwenye kasha la marehemu bibi tumekuta sarafu ya manjano: upande mmoja tembo na mlima nyuma yake, 1916 na herufi T, upande wa pili tai na maandishi 15 RUPIEN. Nimesoma kwamba Wajerumani walizigonga Tabora wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, na kwamba ya kweli ina gramu 7.17 hivi, dhahabu ya 750 (yaani sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu). Yetu kwenye mizani ya sonara imesoma 6.9, na ukingo wake una kamstari kama ka kuunganishia. Hapo ndipo ninapata mashaka, maana za bandia ni nyingi.

Sonara alitaka kuisugua kwenye jiwe la kupimia dhahabu, nikakataa. Mnunuzi mmoja aliniambia nimwachie "wiki moja tu". Hata huyo nimemkatalia, sijawa mjinga kiasi hicho. Sijaisafisha.

Maswali mawili tu: kuna mjuzi anayeweza kutoa maoni ya awali kwa picha na vipimo, bila gharama kubwa? Na ule mstari wa ukingoni peke yake unatosha kusema ni feki?