Naomba ushauri: tumuasili mtoto mwenye mtindio wa ubongo?

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wasiotumia salamu hiyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Masasi, nina miaka 38, mume wangu ni mkulima wa korosho, na katika miaka 11 ya ndoa yetu hatujajaaliwa mtoto. Tangu mwaka jana nimekuwa nikienda kila Jumamosi kwenye makao ya watoto kusaidia kufua na kulisha. Huko yupo mvulana wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo, aliyeachwa angali mchanga, ambaye hajapata kutembelewa na ndugu hata mmoja.

Shingo yake bado haijakaza. Ukimlisha uji inakubidi umpakate akiwa wima, umwegemeze kichwa kwenye mkono, umpe nusu kijiko na kusubiri ameze, kwa sababu ukiharakisha anapaliwa. Kikombe kimoja huchukua karibu saa nzima. Hasemi, lakini sauti yangu anaijua, na nikifika mlangoni miguu yake hukakamaa kwa furaha.

Mume wangu hakatai tumuasili, yaani tumfanye mtoto wetu kisheria, ila anauliza nani atashinda na mtoto nikiwa darasani, na tutaishije miezi ambayo fedha ya mnada wa korosho imekwisha. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwa mila zetu za Kimakonde ndiye mjomba mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, amesema hawezi kumpokea mtoto asiyejulikana ukoo wake. Naomba walioyapitia wanishauri.

Mama kutoka Newala

Mwalimu, pole kwa mawazo. Nina binti wa miaka tisa mwenye hali hiyohiyo, niliyemzaa mwenyewe baada ya kukaa na uchungu siku mbili, akatoka bila kulia. Nitakueleza ambayo mimi sikuelezwa.

Huyo unayemwona ni mtoto wa Jumamosi mchana. Omba ruhusa ulale naye, kwa maana hata usiku misuli inaweza kukaza na degedege linaweza kuja, kama analo. Uliza kama ana kifafa na anatumia dawa gani, kwa kuwa dawa ya kifafa haikatishwi ghafla, na ikiisha dukani unatakiwa uwe umejua mapema utaipata wapi. Omba uone kadi yake ya kliniki na kila karatasi ya hospitali. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, lakini viungo visiponyooshwa kila siku vinakakamaa na kupinda, na mazoezi hayo utayafanya wewe nyumbani, hata kama mtaalamu wa viungo atakuwepo kukuelekeza.

Jambo la pili ni mgongo wako. Sasa unambeba kwa kanga. Akifika umri wa binti yangu hutaweza, na kiti cha magurudumu katika mchanga wetu hakisukumiki. Sikutishi, dada yangu. Mimi singembadilisha binti yangu na mtoto yeyote, lakini ningependa mtu angeniambia mapema nitafute msaidizi wa kudumu kabla ya kutafuta kitanda.

Afisa Ustawi mstaafu, Lindi

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, hivyo wewe umefaa. Mkiwa wanandoa, mnaomba pamoja au mmoja anaomba kwa ridhaa ya mwenzake. Mtoto asiye ndugu yenu maombi yake yanakwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa mikoa yetu miwili kanda yake ipo Mtwara, lakini msianzie huko. Anzeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, atakayewatembelea nyumbani na kuandika taarifa. Mtoto atakaa kwanza kwenu kwa malezi ya kambo, yaani mtamlea kwa muda kabla hajawa wenu kisheria, na kipindi hicho kitumieni kwelikweli: pimeni usingizi wenu, mfuko wenu na subira yenu. Kurudi nyuma baada ya amri ya mahakama si jambo dogo, kwa kuwa tangu hapo yeye ni mtoto wenu kama mliyemzaa.

Kwa kuwa wewe ni mtumishi, kumbuka pia bima. Mtoto aliyeasiliwa kisheria unaweza kumwandikisha kuwa mtegemezi wako, na kwa mtoto huyu hilo litapunguza mzigo mkubwa.

Bibi wa Mikindani

Mwanangu, kwa kuwa umetoa salamu ya dini, nami nitasema kwa dini. Kumlea yatima au aliyetupwa ni jambo jema sana, lakini nasaba haibadilishwi, na mtoto wa kulea harithi kama wa kuzaa. Unaweza kumwachia kwa wasia usiozidi thuluthi ya mali. Kwa sababu hiyo wapo wanaoridhika na malezi bila kuasili. Kaeni na shehe wenu kabla ya kwenda mahakamani. Kuhusu kaka yako, usimjibu kwa maneno. Mjomba hukataa habari ya mtoto, lakini mtoto aliyewekwa mapajani mwake ni jambo jingine.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana nyote. Jumamosi iliyopita nilikwenda na mume wangu na nikamwachia kikombe. Alichukua saa moja na robo, shati likajaa uji, naye hakunirudishia kijiko hata nilipomwomba. Njiani aliniambia tuombe malezi ya kambo kwanza, na habari ya kuasili tuizungumze na shehe baada ya msimu. Shangazi yake, ambaye ni mjane, amekubali kuja kukaa nasi. Kesho naomba ruhusa ya kulala makaoni, na karatasi za hospitali nimeahidiwa Jumatatu. Kaka bado hajajibu, lakini ameuliza mtoto anaitwa nani.