Siklokrosi kule Ubelgiji, baridi na potopoto: mwenye anajua anisaidie

mwana_wa_panzi (Bukavu)

Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu, napandaka velo tangu niko mtoto, toka Panzi mpaka Nyawera na kurudi, na mvua ikinyesha munajua ile udongo yetu nyekundu inanata mpaka gurudumu inakataa kuzunguka. Mwezi wa tisa naenda kusoma Ubelgiji, nitakaa kwa tanti yangu Namur. Tangu mashindano ya dunia yafike Kigali 2025 nafuata velo sana, ndipo nikajua kama wale wakubwa wa velo, van der Poel na van Aert, walikomalia kwenye siklokrosi, mashindano ya velo kwenye matope, mtu anaruka chini, anabeba velo begani, anakimbia kilima ya matope, anapanda tena. Nataka nishindane kule kama amateri, si kukaa pembeni na kuangalia. Potopoto siogopi, ila baridi ndiyo sijue nitafanya nini nayo. Tena pine, nitie upepo kiasi gani? Velo yangu ni VTT, ile ya milimani.

chukudu_ya_virunga (Goma)

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Mi siklokrosi sijacheza lakini velo naijua. Upepo tia mingi, huku kwetu kwenye mawe ya volkano ukiacha pine laini, mpira wa ndani unakatika hata hujafika Majengo. Na juu ya matope, angalia vijana wa chukudu, ile velo ya mbao ya kubeba mizigo, wenye wanashuka toka Kibumba na viazi wakati wa mvua. Hawakanyagi freni katikati ya utelezi, wanapunguza mbio mbele ya kuingia, uzito wanauweka nyuma, na macho yao iko mbali kwenye njia, si kwenye gurudumu. Ukienda na hiyo akili utashangaza wazungu.

yaya_nyawera (Bukavu)

Kaka chukudu, nakuheshimu, na ile ya freni na macho ni kweli kabisa, lakini upepo mingi kwenye matope hapana. Niliishi Leuven, kule Ubelgiji, wakati wa masomo na nilikuwa nakimbia siklokrosi kila winta, na hii mambo naipenda sana, kwa hiyo nitaandika mrefu munivumilie.

Pine ikiwa ngumu inateleza juu ya matope kama sabuni, ikiwa laini inapanuka na meno yake yanashika udongo. Wakubwa wanatumia pine ya milimita 33, ndiyo mwisho wa sheria ya UCI, shirika la velo la dunia, na siku ya matope wanatia kama bari 1.5, wengine hata chini ya hapo. Wao wanaweza juu pine zao ni za kugundisha na gundi ao hazina mpira wa ndani. Wewe kama uko na mpira wa ndani ongeza kidogo, hapo kaka chukudu ana haki, rimu ikigonga jiwe ao mzizi mpira unakatika. VTT yako pine ni pana, kwa hiyo upepo unashuka tena kidogo. Fika mapema, zunguka njia mara moja mbele ya mashindano, punguza kidogo kidogo mpaka usikie inashika. Na mashindano mengi ya amateri wanakubali VTT, lakini uliza klabu ya kule Namur, watakuambia pia juu ya lisansi (kibali cha kushindana) na bima.

Sasa baridi. Ndani ya mashindano baridi hauisikii! Mzunguko mmoja ni kilometa 2.5 mpaka 3.5, wakubwa wanaume wanaenda karibu saa nzima, amateri mara mingi ni dakika 40 hivi, na toka filimbi ya kwanza roho iko kwenye koo. Baridi inakukamata ukiwa umesimama kwenye mstari unangoja, na ukimaliza umelowa. Kwa hiyo pasha mwili moto nusu saa, koti usivue mpaka dakika ya mwisho, mtu wako akupokee. Leta glavu mbili, za kupashia mwili na kavu za kukimbilia, juu vidole vikikufa freni hauwezi kuzivuta. Ukimaliza usisimame kupiga story, vua yote yenye imelowa, soksi pia, vaa kavu, kunywa chai. Na vidole vikiwa havisikii kitu usiviweke karibu na moto vile tunafanyaka na mbabula ya makaa, utaungua hata hujui. Viweke kwapani, virudi polepole.

Na uko na bahati, Namur kwenyewe, pale Citadelle, ile ngome ya kilimani, wanafanyaka Kombe la Dunia la siklokrosi mwezi wa kumi na mbili. Enda usimame pale kwenye miteremko ya kando ya kilima, yenye gurudumu inataka kwenda chini na wewe unataka kwenda mbele. Angalia miguu yao, si sura zao.

fundi_kinga_katuba (Lubumbashi)

Yaya Nyawera amesema yote ila kubeba. Mi natengenezaka kinga (velo) hapa Katuba na wakati wa mvua naona watu wanasukuma kinga kwenye udongo yenye kunata, magurudumu yanajaa, freni zinajaa, inakuwa nzito mara mbili. Ukiona pedali inaanza kukwama shuka mbele isimame kabisa, inua, tia bomba ya juu begani, mkono upite chini ya kadre (mwili wa kinga) ushike gido (usukani), kimbia. Kinga yenye haigusi chini haikusanyi matope. Jizoeze kushuka upande wa kushoto ungali unatembea, mguu wa kulia unapita nyuma ya kiti, juu zile mbao zenye wanawekaka njiani ya kuruka zinafikaka sentimita 40 na hauna muda ya kufikiri. Hata leo jioni unaweza kuanza, ngazi za Bukavu haziishi.

mwana_wa_panzi

Aksanti sana wote! Yaya, swali moja ya mwisho: nimeona wakubwa wanabadilisha velo katikati ya mashindano, mi niko na moja tu.

yaya_nyawera

Amateri wengi wako na moja, haina shida. Wakubwa wanaingia pale pa kubadilishia, fundi anaosha ile ingine na maji ya nguvu. Wewe pita kwenye majani marefu ao dimbwi la maji pine zijisafishe, na ukiwa unabeba toa udongo na kidole pale karibu na freni. Kama freni zako si za disiki, anza kuweka feza pembeni sasa, juu mchanga wa kule unaweza kumaliza mpira wa freni siku moja. Kagua mbele ya kila mashindano.

chukudu_ya_virunga

Yaya, ya upepo nimekubali. Kesho mvua ikinyesha nitajaribu na pine laini, lakini kwenye udongo, si kwenye mawe.