Gari haliwaki asubuhi: ni betri au stata?

Wakuu habari, naomba ushauri. Nina Corolla ya gia za mkono, niko Uyole, Mbeya, na baridi ya huku mnaijua. Asubuhi nikizungusha ufunguo nasikia "ta!" moja tu, kisha kimya. Taa za dashibodi hazififii, honi inalia vizuri. Nikirudia mara tano sita ghafla linawaka kama halijawahi kusumbua. Juzi limegoma kabisa, nikasukumwa na vijana wa bodaboda mbele ya watu wanaotoka kanisani. Aibu tupu.

Fundi wa kwanza kasema betri imekufa, ninunue mpya. Ila nimeazima multimita (kipimo cha umeme) ya shemeji: likiwa limelala usiku kucha inasoma volti 12.5, likiwa linanguruma 14.1. Ile "ta" ikipigwa haishuki hata chini ya 12. Mimi si fundi, lakini betri iliyochoka si ingeporomoka?

Fundi wa pili kaigonga stata (ile mota inayozungusha injini iwake) kwa mpini wa spana, ikazunguka hapohapo. Anasema kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya stata) zimeisha, au shaba za ndani ya solenoidi (swichi ya stata) zimeliwa, na anataka kunifungia stata nyingine ya mtumba. Vichwa vya betri nimeshasafisha kwa maji ya moto na magadi. Waya wa ethi (ule wa hasi unaotoka betri kwenda bodi) bado sijaugusa.

Kuna aliyebadilisha kaboni peke yake zikadumu? Na fundi mzuri wa kufungua stata nimtafute Mwanjelwa au Soweto hapa Mbeya? Jumamosi nina safari ya Makambako na mama mkwe.