Naomba ushauri: breki kubwa za kuendeshea sakiti, kalipa za pistoni 4 au 6?

Njia_ya_Ndani
Wakuu, habari za saa hizi. Nimekwama na sipati usingizi. Nina hechibeki ya kilo 1,200 hivi, injini haijaguswa. Nimeshashiriki siku 3 za kuendesha sakiti, zile za watu wa kawaida, si mashindano. Sasa nataka kubadilisha breki za mbele. Nasita kati ya kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za pistoni 4 na diski za milimita 330, au pistoni 6 na diski za milimita 355. Ipi inafaa? Naomba tusitoke nje ya swali.

Gia_ya_Tatu
Weka 6, hutajuta. Kitu kimoja tu: diski zenye matundu zikwepe. Za kwangu zilianza nyufa ndogo kwenye ukingo wa tundu, nikazipuuza kwa sababu nilipenda mwonekano. Baada ya muda ufa ukatoka tundu moja hadi jingine, ukucha wangu unaingia. Tangu siku hiyo natumia diski za kawaida au za mistari. Na rimu ziwe na nafasi, mimi nilibadilisha zote 4 mara mbili kwa mwaka mmoja, ngoja niwasimulie siku nyingine.

Fundi_wa_Jioni
Mkuu, kabla ya pistoni, breki ulizonazo zina ugonjwa gani? Pedali inabaki ngumu lakini gari halishiki? Hapo pedi zimezidiwa na joto. Pedali inalainika na kuzama? Hapo mafuta ya breki yamechemka, unakanyaga mvuke. Usukani unatetemeka? Hilo nalo lina dawa yake. Useme lipi.

Njia_ya_Ndani
Zimechoka tu, mkuu. Nauliza 4 au 6.

Mama_Usukani
Mdogo wangu, siku hizi mtu ananunua vifaa kabla hajajifunza kukanyaga. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naikalia breki kuanzia mbali, kwa uoga, nikidhani ndiyo usalama. Kumbe ndiyo nilikuwa naipika. Aliyenifundisha aliniambia: kanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, uachie. Gari lile lile, breki zile zile, zikaacha kunuka. Mguu kwanza.

Fundi_wa_Jioni
Dada umesema kweli. Lakini mwenye uzi hajanijibu, na mtu asiyepata usingizi hajachokewa na breki tu.

Njia_ya_Ndani
Sawa. Siku ya 3, mzunguko wa 7, mwisho wa njia ndefu, spidi kama 170. Pedali ilizama mpaka kwenye kapeti. Nikapampu mara mbili, hakuna kitu. Ya tatu ikashika kidogo, gari likaingia kwenye kokoto na kusimama karibu na ukuta wa matairi. Mdogo wangu alikuwa kiti cha abiria. Hakusema neno njia nzima ya kurudi. Nyumbani hawajui.

Fundi_wa_Jioni
Pole sana, na tushukuru mpo wazima. Mafuta ya breki yalibadilishwa lini?

Njia_ya_Ndani
Nina gari hili miaka 4, sijawahi. Ila chupa naikagua, ikishuka naongeza. Ndiyo maana nataka diski kubwa, zinabeba joto zaidi. Hilo nalo mtanibishia?

Fundi_wa_Jioni
Sibishi, diski nzito hubeba joto zaidi. Ila yaliyoshuka kwenye chupa yalikwenda kujaza nyuma ya pistoni kadiri pedi zilivyolika. Ukiongeza juu, yale ya chini kwenye kalipa hayabadiliki, na hayo ndiyo yanayopikwa. Mafuta haya hunyonya unyevu kupitia mipira na kifuniko. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155 tu.

Halafu piga hesabu: kupunguza spidi kutoka 200 hadi 100 kunamwaga nishati mara 3 ya kutoka 100 hadi kusimama. Ulimwaga joto hilo kila mzunguko kwenye mafuta yaliyojaa unyevu. Pistoni 6 zisingekuokoa. Tena kalipa kubwa mbele pekee huvuruga mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, na eneo la pistoni likizidi, pedali inakwenda mbali zaidi.

Mpima_Milimita
Samahani, rimu zako inchi ngapi?

Njia_ya_Ndani
15.

Mpima_Milimita
Inchi 15 ni milimita 381. Toa 355, zinabaki 13 kila upande, na hapo sijahesabu unene wa rimu. Kalipa ya pistoni 6 inakaa wapi? Hata ile ya 330 haiingii. Wakuu, tunachangia hadithi ya kutunga.

Gia_ya_Tatu
Hata mimi nilianza kuhisi. Mdogo wake, kokoto, ukuta wa matairi, kila kitu kimejipanga.

Njia_ya_Ndani
Sijatunga. Sikupima, hilo nakubali. Na seti ya pistoni 6 nimeshaitanguliza malipo, ndiyo maana nilitaka mniambie ni nzuri. Mkitaka ushahidi, kuna kokoto moja bado imenasa kati ya diski na bati la nyuma, gurudumu la mbele kulia. Nikikata kushoto inakwaruza, nikinyoosha inanyamaza. Wiki ya pili sasa naisikia.

Mpima_Milimita
Huo mlio naufahamu, hautungwi. Nisamehe. Fungua gurudumu, sukuma bati kwa bisibisi, itadondoka. Ukiwa hapo pima pedi.

Fundi_wa_Jioni
Na omba malipo yako yahamie kwenye pedi za sakiti na mafuta ya DOT 4 ya mashindano, yapo yanayovuka nyuzi 300. DOT 5 usiweke, ni silikoni, haichanganyiki na hayo. Pedi mpya uzizoeshe diski kabla ya kukimbia. Ukimaliza kukimbia, zunguka taratibu mzunguko mmoja, ukiegesha usivute breki ya mkono.

Njia_ya_Ndani
Kokoto imetoka, ndogo kuliko nilivyodhani. Pedi zimebaki milimita 3, kingo zimekuwa rangi ya majivu na zinamomonyoka nikizigusa. Mafuta ya kalipa yametoka meusi, na vipovu. Muuzaji amekubali kubadilisha. Nimesitisha kwenda sakiti mpaka vyote vifike.

Mama_Usukani
Unatoa upepo kwenye mafuta ya breki peke yako? Nani anakanyaga pedali?

Njia_ya_Ndani
Mdogo wangu. Mimi niko chini na chupa, yeye ananiitikia "nimeshikilia".