Mtoto anasomea nyumbani, marafiki atawapata wapi?

Mama wa Nguba: Jameni, kijana wangu wa miaka 9 namfundisha mwenyewe hapa Bukavu. Hesabu na Kifaransa vinaenda. Lakini jioni anaongea na kuku. Kuku kweli! Nimpeleke wapi?

Papa wa Kadutu: Mama, jaribu Xaveri, chama cha watoto na vijana Wakatoliki, parokiani. Ilizaliwa hapahapa Bukavu, 1952: michezo, nyimbo, matembezi. Wangu alilia Jumapili mbili. Ya tatu alikataa kurudi nyumbani.

Dada wa Nyawera: Kundi moja tu, kila juma, watoto walewale. Mimi nilichanganya korale, mpira na ngoma. Binti yangu hakushika jina la mtu hata mmoja.

Mama wa Nguba: Sisi si Wakatoliki, papa.

Papa wa Kadutu: Basi korale ya watoto kanisani kwenu. Na yule kuku msimchinje kwanza.