Supamaketi za Kenya kufa Tanzania: tatizo lilikuwa soko letu au pesa za wasambazaji?

MLETA MADA:
Wakuu habari za saa hizi. Kuna hoja naikuta kila mahali kwamba Mtanzania hana habari na supamaketi, yeye ni duka la Mangi na gengeni basi, ndo maana supamaketi za Kenya, Uchumi na Nakumatt, zilifungasha virago. Mimi naipinga na naomba tubishane kwa hoja.

Tukumbushane kidogo. 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliamua kutoka Tanzania, ikawauzia Nakumatt maduka yake matatu, mawili Dar na moja Arusha. Mwaka uliofuata, Oktoba 2015, Uchumi wakafunga Tanzania na Uganda kwa mpigo. Sasa jiulizeni kama wafanyabiashara, Shoprite ana mtaji mnene na maduka kibao Afrika nzima, kapiga hesabu kaondoka, halafu wewe unaingia kwenye majengo yale yale, ulikuwa umeona nini ambacho mwenzako hakukiona?

Ila kama shida ingekuwa ni Mtanzania, Nakumatt isingekufia Nairobi. Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 kwenye nchi nne na bado Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ivunjwe, madeni yamepita bilioni 30 za Kenya. Nairobi hiyo, watu wanaoenda supamaketi kila wiki!

Ninavyoelewa mimi ni hivi. Supamaketi inachukua mzigo kwako mali kauli, mteja analipa keshi leo, wewe unalipwa baada ya siku 60 au 90. Hapo katikati ile pesa inakaa kwao inaonekana kama faida. Ukiizungusha kwenye bidhaa hapo hapo itarudi, lakini ukiitoa ukaenda kupanga jengo nchi nyingine, ukanunua mafriza na mashelfu, ukaajiri watu, tawi jipya halijaanza hata kujilipia umeme siku 90 zimefika. Msambazaji anagoma kuleta mzigo, shelfu zinabaki tupu, mteja akija mara mbili hakuti unga harudi tena. 2017 shelfu za Nakumatt zilikuwa hivyo hivyo, kila mtu aliona.

Naongea kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa napeleka asali na siagi ya karanga kwenye supamaketi moja, jina naliacha, siku 60 zikawa 90 nikapigwa kalenda miezi saba, siku naenda kudai nikakuta kufuli getini. Kina mama waliokuwa wananisagia karanga niliwalipa kwa kuuza pikipiki yangu.

MCHANGIAJI:
Pole sana mkuu, ila usihukumu kuvuka mpaka kwa makosa ya wawili. Bakhresa katoka hapa hapa Dar na viwanda vya unga anavyo Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Msumbiji mpaka Afrika Kusini, mbona kasimama? Na ukisema mtu abaki nyumbani, nyumbani atafuatwa tu. Supamaketi ya Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliingia Nairobi 2016, Nakumatt ilipoyumba ikachukua mpaka majengo yake. Alafu usidhani hao wageni ndo wana huruma na msambazaji, Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya Kenya iliwapiga faini ya bilioni 1.1 za Kenya kwa namna walivyokuwa wanawabana wasambazaji. Mkubwa ni mkubwa tu.

MLETA MADA:
Asante mkuu, hapo kwa Bakhresa umenisaidia kuliko ulivyodhani. Yeye anavuka na kiwanda, anasaga kule kule, unga unaenda kwa wale wale kina Mangi ambao wapo tayari kila mtaa, hahitaji kuwafundisha watu wabadilishe pa kununulia wala kulipa kodi ya jengo la mjini. Supamaketi inavuka na shelfu tu, vitu vya kujaza inavikopa kwa watu kama mimi. Hizo ni biashara mbili tofauti kabisa.

Na kubaki nyumbani sio lazima uliwe. Supamaketi ya Naivas ya Kenya wamebaki kwao peke yake, Carrefour kawakuta palepale, wao wakaendelea kufungua mpaka miji midogo na leo ndo wenye matawi mengi kule. Walipotaka pesa ya kukua zaidi waliuza hisa kwa wawekezaji, na 2022 kundi likiongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius likanunua asilimia 40. Mwenye hisa akipata hasara ameijua tangu anasaini, mimi mwenye chupa zangu za asali nilisaini lini kuwa mwekezaji?

Hiyo faini uliyoitaja naiunga mkono mia kwa mia, na ndo ninachotaka huku kwetu. Supamaketi yoyote, ya ndani au ya nje, kabla haijafungua tawi jipya ionyeshe imeshalipa wasambazaji ambao siku zao zimepita. Ikishindwa, tawi lisubiri. Najua kuna watakaosema tutafukuza wawekezaji, sasa mtu mwenye hoja hiyo aje aniambie mwekezaji asiyeweza kulipa mzigo wa miezi mitatu iliyopita analeta mtaji gani hapa.