Msaada wakuu: hesabu inasema kampuni ina thamani mara tano ya bei ya soko

Mtoro wa Takwimu: Heshima kwenu wakuu. Niko shule ya biashara, somo la fedha za makampuni. Tumepewa kazi ya kuthamini kampuni iliyoko soko la hisa kwa kupunguza mitiririko ya fedha, yaani kurudisha fedha za miaka ijayo kwenye thamani ya leo. Makadirio ya miaka 5 ni 70, 76, 84, 92 na 100, zote milioni. WACC (wastani wa gharama ya mtaji, hisa na deni pamoja) 9.5%. Jibu langu ni 4,892, ilhali hisa zake zote sokoni ni 960! Excel nimeikagua mara nne, sioni kosa. Soko linaweza kukosea kiasi hiki? Tunawasilisha keshokutwa.

Kapteni Riba: Taja jina la kampuni tukakope tununue.

Bi Mizania: Pole mdogo wangu. 4,892 ni thamani ya biashara nzima, ya wakopeshaji pamoja na wenye hisa. 960 ni ya wenye hisa peke yao. Toa deni, ongeza fedha taslimu, ndipo ulinganishe.

Mtoro wa Takwimu: Deni 240, taslimu hakuna. Inabaki 4,652. Bado, dada.

Mzee wa Beta: Vijana mnaiamini Excel kuliko akili. Nina hakika umetoa riba kwenye mitiririko. Riba haitolewi, WACC imeshabeba gharama ya deni baada ya kodi. Ukiitoa tena umeitoza mara mbili.

Mtoro wa Takwimu: Sijatoa, mzee. Nimeanza na faida kabla ya riba, nikatoa kodi 30%, nikarudisha uchakavu, nikatoa uwekezaji mpya na ongezeko la mtaji wa kuendeshea.

Bi Mizania: Na hata angeitoa, thamani ingeshuka, isingepanda. Tusitoke kwenye reli. Miaka 5 yote ikipunguzwa kwa 9.5% inatoa kama 319 tu. Zaidi ya 4,570 imetoka baada ya mwaka wa 5. Umeweka ukuaji wa asilimia ngapi wa milele?

Mtoro wa Takwimu: Niliweka wa kawaida tu.

Bi Mizania: Asilimia ngapi?

Mtoro wa Takwimu: 8. Lakini ndivyo kampuni ilivyokua miaka 6 iliyopita, sikubuni. Na kikundi kimeshakubali, slaidi zimeandikwa NUNUA.

Bi Mizania: Ugonjwa ndio huo. Unagawa 108 (100 ya mwaka wa 5 ikikua kwa 8%) kwa 9.5% toa 8%, yaani kwa 1.5%: 7,200. Kigawanyo kikiwa chembamba hivyo, kosa la nusu asilimia linahamisha mabilioni. Ukuaji wa milele usizidi wa uchumi wenyewe, la sivyo siku moja kampuni itakuwa kubwa kuliko nchi. Weka 3%: 103 kwa 6.5% ni 1,585, ikirudishwa leo 1,007. Jumlisha 319, toa deni, unapata kama 1,085. Halafu angalia mwaka wa 5: kama uwekezaji umelingana na uchakavu, kampuni yako inakua bila kununua hata mashine moja ya ziada.

Mkaguzi wa Ndani: Hii chai. Beta yako (kipimo cha hatari ya hisa dhidi ya soko) ni ngapi, na uzani wa mtaji, hisa kwa deni, ukoje?

Mtoro wa Takwimu: Beta 1.35, kiwango kisicho na hatari 4%, ziada ya hatari ya soko 6%. Deni riba 8%. Mtaji wa hisa 60, deni 40.

Mkaguzi wa Ndani: Gharama ya hisa 12.1 kamili, deni baada ya kodi 5.6 kamili, WACC 9.5 kamili. Kampuni gani ya sokoni ina namba zilizonyooka hivi? Huyu ni mwalimu anatupima, au tunafanyishwa mtihani wa mtu.

Kapteni Riba: Mods, fungeni uzi. Na mimi nilishaanza kutafuta wadhamini.

Mtoro wa Takwimu: Sawa, kampuni ni ya kwenye kisa cha darasani. Ila tatizo ni la kweli na mimi si mwalimu.

Mzee wa Beta: Uongo mdogo huzaa hesabu za uongo.

Bi Mizania: Ya kubuni au halisi, kanuni haibadiliki. Ila Mkaguzi amenifumbua macho: 60 kwa 40 umeitoa kwenye mizania. Uzani ni wa bei za soko: hisa 960, deni 240, yaani 80 kwa 20. WACC inakuwa 10.8%. Kwa ukuaji wa 3%, wenye hisa wanabaki na 859, chini ya 960. Mwandishi wa kisa aliutega mtego hapo.

Mtoro wa Takwimu: Kwa hiyo NUNUA inakuwa UZA? Slaidi 14 zote? Nikiweka 4%?

Bi Mizania: 984. Naona unakoelekea. Weka jedwali la unyeti, la kuonyesha jibu linavyobadilika ukibadilisha ukuaji, lionekane wazi: 2% inatoa 762, 3% inatoa 859, 4% inatoa 984. Useme mwenyewe kwamba pendekezo linageuka ndani ya asilimia moja.

Mtoro wa Takwimu: Asante dada. Kikundi kimepiga kura. Ni 4%.